Vumbi la Kifaru cha Baba

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu. Nilisoma hadi darasa la nane, na hata huko mwalimu wa Kiswahili alikuwa ananirudishia daftari likiwa limejaa wino mwekundu, kwa sababu nyumbani tunaongea Kipsigis na mkono wangu huandika p mahali pa b, na t mahali pa d. Nimejaribu kusahihisha. Pia naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua siku tatu, kati ya kukamua na kwenda kuchuma majani ya chai. Mkikuta herufi imelala vibaya, irukeni tu muendelee.

Nataka kuwaeleza jinsi nilivyopaka rangi kifaru kidogo cha plastiki, kinachotoshea kwenye viganja viwili, halafu nikakichafua kwa makusudi. Sisemi yule mnyama. Nasema ile gari ya vita ya chuma yenye mtutu mrefu. Najua ni kazi ya ajabu kwa msichana wa Boito ambaye siku zake ni chai na ng'ombe watatu. Mama mwenyewe alisema ni kazi ya ajabu, tena mara nyingi.

Baba aliendesha kifaru jeshini miaka mingi, huko kaskazini kwenye joto. Alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la bati, mablanketi mawili ya kijivu, na masikio yaliyochoka. Anasema ni injini. Anasema unakaa na ile ngurumo kutwa mpaka inaingia kichwani na kujenga humo. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linasikia mtu akisimama karibu na kusema kwa nguvu.

Sasa mimi sauti yangu ni ndogo. Kanisani nikiambiwa nisome tangazo, watu wa benchi la tatu huulizana kama nimeanza. Baba hupaza sauti kwa sababu hajisikii, na mimi hunong'ona kwa sababu naona aibu. Kwa hiyo tuliishi nyumba moja tukiongea kupitia kwa mama. Nikiona ndama anaharisha, namwambia mama. Mama anaacha sufuria, anaenda kando ya sikio la kulia, anapiga kelele: "Anasema ndama anaharisha!" Baba anajibu kwa kelele vilevile, akinitazama mimi, na mimi naitikia kwa kichwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kilichonifanya nitamani kubadilisha mambo kilitokea kwenye kituo cha majani. Kwa wasiojua huku kwetu, majani ya chai yakishachumwa hupelekwa kwenye kibanda kando ya barabara. Karani anapima, halafu watu wanakaa kwenye mabenchi kungoja lori. Lori huchelewa. Hapo ndipo habari zote za Boito hupikwa: nani anaposa wapi, ng'ombe wa nani amezaa mapacha, mhubiri gani amelala kwenye mahubiri yake mwenyewe. Baba alikipenda kituo kile. Alikuwa anakaa mwisho wa benchi, upande ambao sikio la kulia linaelekea watu, na watu walikuwa wanamwita Afande.

Siku moja karani alimwita apime, akamwita tena, na tena. Baba alikuwa anatazama barabara. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Mrushie bomu, hiyo atasikia!" Watu wakacheka, hata wale wazuri. Baba aligeuka akaona midomo imefunguka, na kwa sababu hakujua wanachekea nini, akacheka pamoja nao. Halafu akaniuliza kwa ile sauti yake kubwa, mbele ya kila mtu, "Wanacheka nini?"

Nilitazama viatu vyangu.

Nadhani alielewa kutoka kwa viatu vyangu. Tangu siku hiyo hakurudi kituoni. Mimi na mama ndio tuliokuwa tunabeba makapu. Yeye alibaki na ng'ombe, akaanza kula mapema na kulala mapema, na Jumapili akisema mgongo unauma. Mama aliniambia, "Baba yako anajifunga nyumbani kama ndama wa wiki moja." Nilijua kosa moja katika hilo lilikuwa langu. Nilitaka arudi kwenye benchi lake. Sikujua nitafanyaje.

Hicho kifaru nilikipata Litein, siku ya soko. Kuna mama mmoja, watu wake walitoka upande wa kati wa nchi kabla yeye hajazaliwa, anauza mitumba ya watoto: nguo, viatu, na vitu vya kuchezea vinavyokuja vimechanganyika ndani ya mabunda. Nilikuwa natafuta sweta. Chini ya rundo nikaona boksi bapa, na juu yake picha ya kifaru kinapanda kilima, vumbi nyuma.

"Hiyo usichukue," yule mama akasema. "Imevunjika yote. Fungua uone. Vipande vipande tu."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, na kwenye kila fremu vipande vidogo vimeshikana kama maharage machanga kwenye mmea wake. Kulikuwa na karatasi ya michoro yenye mishale. Hakikuwa kimevunjika. Kilikuwa hakijazaliwa.

"Ni cha baba," nikasema.

"Cha nini?"

"Cha baba."

"Msichana, ongea kama mtu amekula!" Akacheka, lakini akanipa kwa bei ya kunihurumia, na juu yake akaniongezea soksi.

Nilikiunganisha mezani kwa wiki mbili, mchana baada ya kuchuma, kwa gundi ile inayoshika vidole. Baba alipita siku ya kwanza bila kuangalia. Siku ya pili akapita polepole. Siku ya tatu akavaa miwani, akachukua boksi, akaangalia ile picha mpaka nikadhani amelala amesimama.

"Hii si yetu!" akasema kwa kelele. "Yetu ilikuwa na pua tofauti. Lakini hii ni ndugu yake."

Akavuta kiti. Vidole vyake ni vinene, hawezi kushika vile vipande, kwa hiyo alikuwa ananishikia karatasi na kuniambia "hapana" nikikosea. Gurudumu moja lilikosekana. Alienda chumbani akarudi na kifungo cha koti lake la zamani, akakiweka mezani. Kikaingia sawasawa.

Ikaja rangi. Jirani yetu alikuwa amepaka geti lake kijani, akanipa iliyobaki kwenye mkebe. Nikachanganya na kahawia kidogo iliyobaki kwenye dirisha la kanisa mpaka ikawa kama majani ya chai yaliyokomaa. Brashi nilitengeneza kwa nywele za mkia wa ndama, nikazifunga kwa uzi kwenye kijiti. Hiyo kazi niliipenda kuliko nilivyotegemea. Unavuta pumzi, unashikilia, unapita na rangi mara moja tu, unaachia pumzi. Hakuna mtu anayekuambia uongeze sauti.

Nilipaka mara mbili. Ile rangi ya geti inang'aa, na kifaru kikang'aa mpaka ungeweza kuona dirisha juu yake. Nikakifuta. Nikakiweka juu ya kitambaa cha kushonwa cha kochi, kile cha wageni, nikampelekea baba.

Hapa kwetu mtu hapelekewi kitu kichafu. Kibuyu cha maziwa kinaoshwa na kupakwa mkaa ndani kabla ya mgeni kuja. Pikipiki inaoshwa mtoni Jumamosi hata kama Jumatatu itarudi kwenye matope. Hata ndama akitolewa zawadi, anapigwa brashi kwanza. Kwa hiyo nilikuwa nimefanya vile nilivyolelewa.

Baba alikigeuza juu na chini. Akanirudishia.

"Hii ni ya duka," akasema. "Gari yangu haikuwa safi hata siku moja. Chafua."

Nikabaki nimesimama.

"Chafua!" Alidhani sijasikia. Yeye, kudhani mimi sijasikia. "Chafua! Chafua hii kitu!"

Mama akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani amechafua nini?"

"Anataka nichafue," nikamwambia.

Mama akatazama kitambaa chake cha wageni kwanza, halafu kifaru, halafu baba. "Mimi nimeolewa na mtu huyu," akasema, akarudi jikoni.

Kuchafua kitu cha baba yako kwa mikono yako si rahisi. Nilikaa nacho siku mbili. Mwishowe nikachukua udongo wa njia ya chai, ule mwekundu ambao mvua ikinyesha unaingia mpaka kwenye ndoto. Nikaukausha, nikaupepeta kwa kichujio cha chai cha mama, nikauchanganya na maji ya gundi, nikapaka kwenye minyororo na chini ya tumbo. Nikaongeza na matone ubavuni kama lori la majani linavyokuwa likipita darajani. Nikaona ni kazi nzuri. Nikampelekea.

Baba akakiangalia. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikafikiri nimemuumiza, kumbe anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu siku ile ya kituoni, na siku ile hakukuwa kucheka.

"Hii imetoka kubeba majani!" akasema. "Imekwama hapo chini Silibwet, wanangoja trekta iivute!"

Halafu akaanza kunieleza. Huko kaskazini udongo si mwekundu. Ni mweupe unaoelekea njano, mwembamba kama unga, na hauko chini tu, uko hewani. Unaingia kwenye meno. Haushiki chuma kama matope yetu yanavyoshika, unalala juu yake, na unalala mahali ambapo hakuna mtu anayegusa. Pale watu wanapopandia hakuna vumbi, na rangi yenyewe imeliwa na buti mpaka chuma kinaonekana. Alisema haya yote kwa pumzi moja, akichora kwa kidole mezani. Mama alisimama mlangoni.

Ndipo nikagundua jambo. Nilikuwa na maswali, lakini sauti yangu haikufika. Kwa hiyo niliweka ncha ya kijiti changu kwenye bomba la moshi, nikamtazama. Basi.

"Hapo!" akasema. "Hapo ni nyeusi, nyeusi kabisa. Lakini si duara. Inakwenda nyuma, kama moshi ulivyokwenda."

Nikaweka kijiti kwenye mfuniko wa dereva. Akaniambia jinsi alivyoendesha akiwa ametoa kichwa nje, amefunga kitambaa mdomoni, na jioni akivua miwani uso wake ulikuwa wa rangi mbili. Nikaweka kwenye mtutu. Akasema hapo hakuna hadithi, tuliufunika turubai, tulisafisha, tulifunika tena. Nikaweka nyuma, juu ya injini.

Akagusa hapo kwa kidole chake.

"Hapo weka chai," akasema.

Alikuwa akitoka likizo na paketi ya chai ya nyumbani. Kikosi chao kilikuwa na watu wanne, na injini ikizimwa ile bati ya nyuma hubaki na moto wa kutosha kuweka birika. Mwenzake mmoja, wa kutoka upande wa kati, alikuwa anamwaga sukari mpaka kijiko kinasimama. Siku moja wakagombana juu ya sukari, birika likaanguka, na chai ikakaukia pale. Waliosha, ikakataa. Kila mkaguzi aliyekuja aliuliza ni mafuta gani yale yanavuja.

"Tulisema ni ya injini," baba akasema. "Tukaambiwa turekebishe."

Nikapika strungi, chai nyeusi isiyo na maziwa, nikaichemsha mpaka ikawa nzito, nikaidondosha pale kwa kijiti. Nikaona inatambaa kwenye vijifereji vya plastiki na kukaa humo, ikifanya kila msumari mdogo uonekane. Hapo nikaelewa kwamba chai inafaa kifaru chote. Nikapaka yote na strungi, nikafuta juu kwa kitambaa, na ule mng'ao wa geti ukafa. Kwa mara ya kwanza kilionekana kizito.

Moshi nilifanya na mkaa wa kibuyu, ule unaosagwa laini kwa ajili ya mursik, maziwa yetu ya kuganda. Nilichukua kidogo kwa ncha ya kidole. Mama aliniona, akasema, "Endelea tu. Kesho utanichukua na mimi nipakwe."

Vumbi ndilo lilinishinda. Nilijaribu majivu, kikawa kama kitu kilichotolewa mekoni. Baba akatikisa kichwa. Nikajaribu udongo mweupe niliochimba karibu na chemchemi, lakini ukikauka unapasuka na kubanduka. Baba akatikisa kichwa tena, kwa upole zaidi. Nilianza kuona kwamba anaogopa. Alikuwa anatazama kile kifaru kama mtu anayengoja simu, na kila mara nikikosea rangi alikuwa anarudi kwa ng'ombe wake. Nikaona kwamba nikishindwa na vumbi, atarudi kule alikokuwa, na sitapata boksi lingine la kumtolea huko.

Siku iliyofuata nikachanganya unga wa mahindi, majivu kidogo, na udongo wetu wa njiani, kiasi cha kubana kwa vidole viwili tu. Nikatia maji ya gundi, nikapaka kwa nywele za ndama, kidogo kidogo, juu tu, pale pasipoguswa na mtu. Nikamwita baba kwa kumgusa mkono.

Akavaa miwani, akainama. Halafu akaweka kidole juu, akakinusa.

"Hapo," akasema. Kwa sauti ya chini. Sikujua anayo sauti ya chini.

Nikakiweka juu ya kigoda nje kikauke kwa jua, nikaenda kuchuma.

Niliporudi, kuku alikuwa juu ya kifaru.

Aliyempa vumbi la unga wa mahindi ni mimi. Nani angemlaumu kuku? Alikuwa amesimama juu ya kichwa cha kifaru akidonoa, kisha anachakura kwa kucha, kisha anadonoa tena kwa bidii ya mtu aliyelipwa. Nilimfukuza na aproni yangu ya kuchumia chai. Unga wa upande mmoja ulikuwa umekwisha, na kwenye kingo zote, mfuniko, ngazi, pembe za mbele, alikuwa ametoboa rangi ya kijani mpaka plastiki ya kijivu ikatokea, alama ndogo ndogo, kadhaa pamoja, kisha nafasi, kisha kadhaa.

Nilikificha chini ya aproni. Nikaenda katikati ya chai nikakaa chini, pale majani yanapofika juu ya kichwa, nikalia. Nilikaa mpaka mama akaanza kuniita. Nilifikiria kusema kimepotea. Nilifikiria kupaka upya kabla hajaona. Lakini baba alikuwa amesimama kwenye ua, karibu na kigoda kitupu, anazunguka anatafuta, anainua hata ndoo.

Nikatoka. Nikamshikisha mikononi, nikaweka kidole kwenye zile alama.

"Nini hii?" akasema. "Nani amefanya hii?"

"Kuku," nikasema.

Hakusikia. Akainamisha sikio la kulia.

"Kuku."

"Sema, mtoto wangu!"

Nikavuta pumzi kama ya kupaka rangi, lakini sikuishikilia. "KUKU!" nikapiga kelele. "KUKU AMEKULA KIFARU!"

Ng'ombe waliinua vichwa. Jirani wa geti la kijani alitoka akauliza ni kuku gani. Ndani ya nyumba nikasikia mama ameangusha kitu. Nilitaka ardhi ifunguke.

Lakini baba alikuwa amesikia. Neno zima, kutoka kwangu, bila kupitia kwa mtu. Alinitazama, akatazama kifaru, akakisogeza kwenye jua, na akaanza kupitisha ukucha wake kwenye ule ukingo wa mfuniko.

"Hapa tulikuwa tunapandia," akasema. "Hapa. Na hapa. Buti zinakula rangi hivi hivi. Huyu kuku alikuwa jeshi gani?"

Halafu akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda, na machozi yakaingia kwenye ile mistari ya uso wake. Nilijaribu kucheka pia, nikawa nalia na kucheka. Jirani akarudi kwake bila kujibiwa.

Si kila alama ya kuku ilikuwa sawa. Upande wa kushoto, baba alisema, hakuna mtu aliyepandia huko, kuna bomba lenye moto. Huko nilifunika na kijani. Upande wa kulia nilichukua sindano nikaongeza, nikiiga vile kuku alivyofanya: kadhaa pamoja, kisha nafasi. Ukiweka alama kwa mpango zinaonekana kama ushonaji. Kuku hana mpango. Nikapaka vumbi tena, na mara hii nikakikausha ndani, dirishani.

Siku ya majani iliyofuata nilikuwa nafunga kapu mgongoni nikaona baba ametoka chumbani amevaa koti. Kifaru kilikuwa mikononi mwake.

"Kiweke kwenye kapu," mama akasema.

"Na huo unga?" baba akasema. "Karani atarudisha majani yote."

Akakibeba mwenyewe, mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba yai, njia yote. Mimi nilitembea nyuma yake. Niliomba kimoyomoyo wale vijana wasiwe huko. Walikuwa huko, wote.

"Chamgei, Afande!" mmoja akamsalimia kwa Kipsigis, na nilimjua, ni yule wa bomu. "Umerudi? Na umeleta silaha!"

Baba hakusikia, lakini aliona anayesemeshwa ni yeye. Akaketi mwisho wa benchi, akaweka kifaru katikati ya benchi, akakunja mikono. Watu wakainama. Mzee mmoja akauliza kama kinatembea. Mama mmoja akauliza kama kinaliwa, kwa sababu kinanukia unga.

"Lakini Afande," yule kijana akasema, "hata wewe. Si ungekiosha kwanza ndio ukilete kwa watu?"

Watu wakaanza kucheka. Baba akageuza uso kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, kama siku ile. Akanitazama mimi. Nikaona anataka kuniuliza.

Sikungoja aulize. Nilisogea kwenye sikio la kulia nikamwambia kwa nguvu, mbele ya kituo kizima, "ANASEMA UNGEKIOSHA!" Kisha nikageukia yule kijana, na kwa kuwa sauti ilikuwa tayari imetoka sikuweza kuirudisha. "Hakioshwi. Uliza kwa nini. Weka kidole mahali, utaambiwa."

Sijui kama alishangazwa na kifaru au na mimi. Wote walikuwa wananitazama. Kijana akanyoosha kidole, taratibu, kama mtu anayegusa mbwa asiyemjua, akakiweka kwenye lile doa la nyuma.

"Hiyo ni chai!" baba akasema, na sauti yake ikajaa kibanda chote. "Chai ya hapa hapa Boito! Sikilizeni!"

Alisimulia birika, sukari, mkaguzi. Akaja mwingine akaweka kidole kwenye mfuniko. Karani akatoka na kalamu yake, akagusa bomba la moshi. Ilifika wakati wanagombania nafasi ya kuuliza. Na karani alipoanza kuita watu kupima, na zamu ya baba ikafika, yule kijana alimgusa goti bila kusema, na baba akasimama.

Sasa huenda kila siku ya majani. Mara nyingi haendi na kifaru, kwa sababu watoto wamelamba vumbi mara mbili na mimi ndiye wa kupaka upya. Watu wamezoea kumgusa goti. Na mimi nikiwa na neno naenda sikio la kulia, silipeleki kwa mama. Mama anasema nyumba sasa ina makelele mawili na anatafuta pa kuhamia.

Limebaki jambo moja. Wiki iliyopita kituoni mtu alimuuliza baba kama huko kaskazini mvua hunyesha. Akasema ilinyesha mara moja usiku wakiwa kambini, na asubuhi kifaru chote kilikuwa na rangi nyingine. Akaulizwa rangi gani. Akafungua mdomo, akaufunga. Hakukumbuka. Alitazama wote kwenye benchi, lakini pale hakuna aliyewahi kufika huko. Tangu hapo ameniuliza kila siku, kana kwamba mimi nilikuwepo, na leo asubuhi akasema, "Andika. Uliza watu."

Ndiyo maana nimeandika. Kama umeishi huko kwenye udongo mweupe, au una ndugu huko, tafadhali niandikie uniambie ukilowa unakuwa rangi gani, na ukikaukia kwenye chuma unaacha alama namna gani. Hata mistari miwili inatosha. Nasoma polepole, lakini nitamsomea baba yote, kwa sauti.